Kutabiri mvua kubwa na mafuriko ya ghafla kwa data za setilaiti: saa 0 hadi 6 zijazo

Setilaiti ya hali ya hewa, kwa kawaida, haioni mvua ikianguka. Inaona paa la wingu: joto lake, mng'ao wake, na kasi linavyopanda na kutanuka. Kutoka hapo hadi kusema "mto huu utajaa ndani ya saa mbili" kuna hatua kadhaa za hesabu, na kila hatua ina kosa lake. Mwongozo huu unazifuata kwa mpangilio wa kazi, kuanzia bonde hadi tangazo, kwa mtu mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti katika eneo lisilo na rada. Mwenye rada aitumie kwanza. Setilaiti itamfaa pale mawimbi ya rada yanapozibwa na milima.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) linahesabu utabiri wa aina hii kuanzia sasa hivi hadi saa 6 mbele. Mafuriko ya ghafla nayo kwa kawaida ni yale yanayofika ndani ya saa 6 tangu mvua iliyoyaleta. Kwenye korongo lenye mteremko mkali, au mtaa uliojaa lami na saruji, maji yanaweza kufika kabla hata saa moja haijaisha. Ndiyo maana kuchelewa kwa dakika 15 ni jambo zito katika kazi hii.

Anza na bonde

Wengi hukimbilia picha za mawingu. Picha zitakuwepo siku zote. Kinachokosekana siku ya tukio ni taarifa za ardhi. Kabla ya msimu wa mvua, pakua ramani ya mwinuko ya mita 30 (SRTM au Copernicus), ifungue kwenye QGIS (programu ya bure ya ramani), na ugawe eneo lako katika mabonde madogo ya kilomita za mraba 20 hadi 200. Ukitaka mipaka iliyokwisha kuchorwa, HydroBASINS inapatikana bure, ila mabonde yake madogo kabisa bado ni makubwa kwa makorongo ya mjini.

Kwa kila bonde andika: eneo, urefu wa mkondo mrefu zaidi, mteremko wake, aina ya ardhi, na kilichopo kwenye mlango wa bonde, yaani daraja, kivuko, soko au makazi. Kisha kadiria muda ambao maji ya mbali zaidi huchukua kufika mlangoni. Kanuni ya Kirpich inatosha kwa kuanzia:

t = 0.0195 × L^0.77 × S^−0.385

t ni dakika, L ni urefu wa mkondo kwa mita, S ni mteremko (mita za kushuka kwa kila mita ya urefu). Mkondo wa mita 8,000 wenye mteremko wa 0.03 unatoa dakika 76. Kanuni hii ilitokana na mabonde madogo ya mashambani nchini Marekani mwaka 1940, kwa hiyo kwenye bonde pana lenye msitu ichukulie kama makisio ya haraka mno. Kukosea upande huo si hasara, inakulazimisha uwahi.

Halafu kinahitajika kizingiti: milimita ngapi, ndani ya saa 1, 3 au 6, zinatosha kuufanya mkondo ufike ukingoni. Nchi nyingi zina Mfumo wa Mwongozo wa Mafuriko ya Ghafla (FFGS), unaokokotoa kizingiti hicho kwa kila bonde dogo na kukisahihisha kadiri udongo unavyolowa. Kama taasisi ya hali ya hewa ya nchi yako inao, omba thamani zake. Kama haupo, kusanya tarehe za mafuriko yaliyopita kutoka kwa watu wa eneo na kumbukumbu za barabara, toa jumla za mvua za siku hizo kwenye IMERG, makadirio ya mvua ya NASA kutoka setilaiti, ambayo kumbukumbu zake zinarudi nyuma zaidi ya miaka 20, kisha tafuta mvua kubwa ambazo *hazikuleta* mafuriko. Kizingiti kiko kati ya makundi hayo mawili. Bila kundi la pili utaishia na kizingiti cha chini mno na maonyo ya uongo kila wiki.

Udongo ulioshiba maji hushusha kizingiti kwa kiasi kikubwa. Njia rahisi ya kuufuatilia ni kuweka hesabu ya kila siku: unyevu wa leo = 0.9 × unyevu wa jana + mvua ya leo. Kigezo 0.9 kinaweza kuwa 0.85 penye joto kali na udongo wa kichanga, au 0.95 penye mfinyanzi. Gawa siku zako katika makundi matatu (kavu, wastani, ulioshiba) na weka kizingiti kwa kila kundi.

Data gani, kutoka wapi

Unahitaji setilaiti iliyo juu ya ikweta, takriban kilomita 35,786 kutoka ardhini, inayozunguka sambamba na dunia na hivyo kutazama upande uleule muda wote. Afrika na Ulaya zinatazamwa na Meteosat za EUMETSAT, shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa. Upande wa Bahari ya Hindi yupo Meteosat-9 kwenye nyuzi 45.5 Mashariki. Bara la Amerika lina GOES ya Marekani, na Asia Mashariki hadi Australia lina Himawari ya Japani. Meteosat za kizazi cha pili hubeba kamera ya SEVIRI: chaneli 12 (sehemu za mwanga na joto inazopima), picha kila dakika 15, pikseli ya kilomita 3 chini yake moja kwa moja. Kizazi cha tatu, kilichoanza na setilaiti iliyorushwa Desemba 2022, kina kamera ya FCI: chaneli 16 kila dakika 10, pikseli za kilomita 1 hadi 2. GOES na Himawari za sasa nazo hupiga dunia nzima inayoonekana kila dakika 10, na GOES inaweza kurudia eneo dogo kila dakika moja.

Kwa kutazama tu, tovuti za EUMETView na SLIDER ya Colorado State University zinatosha. Kwa hesabu, pakua faili zenyewe: EUMETSAT Data Store (kujisajili ni bure) kwa Meteosat, au hifadhi ya wazi ya NOAA (taasisi ya Marekani ya bahari na angahewa) iliyoko kwenye seva za Amazon kwa GOES na Himawari. Ofisi isiyoamini intaneti yake ifunge dishi la EUMETCast, huduma ya EUMETSAT ya kurusha data hewani. Huduma ya Afrika hutumia bendi ya C, ambayo mvua huisumbua kidogo kuliko bendi ya Ku, na mvua kubwa ndiyo hasa wakati usiotaka kupoteza picha.

Faili husomwa kwa maktaba ya Python iitwayo Satpy. Msomaji wa SEVIRI ni `seviri_l1b_native`, wa FCI ni `fci_l1c_nc`, wa GOES ni `abi_l1b`, wa Himawari ni `ahi_hsd`. Pakia chaneli ya infraredi (mionzi ya joto) ya mikromita 10.8 (kwenye FCI ni 10.5, kwenye GOES 10.3), ya 12.0, ya mvuke wa maji 6.2, na mchana ongeza chaneli ya mwanga. Kata eneo lako mapema kwa `crop`, la sivyo kumbukumbu ya kompyuta itajaa. Picha moja ya FCI huja katika vipande 40. Kipande kimoja kikikosekana, eneo lako linaweza kuwa ndani ya pengo na programu isilalamike. Andika mstari wa msimbo unaohesabu vipande kabla ya kuendelea.

Asubuhi: je, hewa inaruhusu?

Hapa usikae sana. Fungua modeli ya utabiri iitwayo GFS (nyuzi 0.25, bure) na uangalie vitu vitatu: jumla ya mvuke wa maji katika nguzo ya hewa, nguvu ya kupaa kwa hewa (CAPE), na upepo wa tabaka la katikati, karibu na hektopaskali 700. Mvuke usiulinganishe na namba moja ya ulimwengu mzima. Milimita 45 ni siku ya kawaida katika baadhi ya pwani za tropiki, na ni hatari kubwa kwenye nyanda kame. Ulinganishe na kawaida ya mwezi huo mahali hapo. Upepo dhaifu pamoja na mvuke mwingi ni mchanganyiko unaotaka macho zaidi ya CAPE kubwa yenye upepo mkali, kwa sababu wingu litasimama mahali pamoja na kumwaga.

Wingu linapozaliwa

Kuanzia adhuhuri, au jioni kando ya maziwa makubwa ambako mawingu hupenda kuibuka usiku, fuata infraredi ya 10.8. Wingu likipaa, kilele chake hupoa. Pima kasi hiyo. Kupoa nyuzi 4 za Selsiasi kwa dakika 15 ni dalili ya kukua. Nyuzi 8 kwa dakika 15 ni kukua kwa nguvu. Kilele kinachoshuka chini ya nyuzi sifuri kwa kasi hiyo mara nyingi huanza kutoa mvua nzito baada ya kama nusu saa. Hilo ndilo dirisha la mapema kuliko yote unaloweza kupata kutoka setilaiti, na linapita upesi.

Fuata wingu, usifuate pikseli. Ukilinganisha pikseli ileile katika picha mbili, wingu la jirani likiingia hapo utaona "kupoa" kwa nyuzi 30 ambako hakuna chochote kilichopaa. Chora mpaka wa wingu kwa joto fulani, tuseme nyuzi 10 chini ya sifuri, tafuta kilele baridi zaidi ndani yake, na ulinganishe kilele na kilele.

Wingu likikomaa, fuawe lake, yaani sehemu ya juu iliyotandazwa, hutanda na kuficha kila kitu. Sasa tazama dalili tatu. Ya kwanza, toa thamani ya 10.8 kwenye ya 6.2: kwa kawaida jibu ni hasi kubwa, likikaribia sifuri au kuwa chanya, wingu limegonga dari ya tabaka la chini la angahewa au kulitoboa. Ya pili, tafuta kivimbe kidogo chenye ubaridi wa nyuzi 6 au zaidi kuliko fuawe linalokizunguka. Hapo chini ndipo hewa inapopanda kwa nguvu. Mchana picha ya mwanga itakionyesha kama koliflawa lenye kivuli, wakati fuawe lililobaki ni laini. Ya tatu ni radi. Idadi ya miale ikiruka ghafla ndani ya dakika chache, wingu linaongeza nguvu. GOES na Meteosat za kizazi cha tatu zina vifaa vya kuhesabu radi kutoka angani.

Mawingu membamba ya sirasi nayo ni baridi na hayana mvua. Yatenganishe kwa kutoa 12.0 kwenye 10.8: sirasi nyembamba huacha tofauti ya nyuzi 2, 3 au zaidi, wingu nene la radi huacha karibu sifuri.

Kutoka joto hadi milimita

Kanuni inayojulikana sana ni ile ya Auto-Estimator ya NOAA, iliyolinganishwa na rada za Marekani:

R = 1.1183 × 10^11 × e^(−0.036382 × T^1.2)

T ni joto la kilele kwa Kelvini, R ni mvua kwa milimita kwa saa. Fanya hesabu kidogo uone tabia yake. Kwa 235 K inatoa karibu milimita 1 kwa saa. Kwa 220 K, 6.7. Kwa 210 K, 24. Kwa 200 K, 85. Kila nyuzi 10 zinazidisha mvua mara tatu na nusu. Kosa la nyuzi 3 tu linashusha jibu kwa theluthi moja au kulipandisha kwa karibu nusu. Ndiyo maana kusoma mvua kwa rangi ya picha iliyotoka mtandaoni, ambayo rangi zake zinaruka nyuzi 5 kwa 5, ni kubahatisha.

Kanuni hiyo ikiachwa peke yake italitia fuawe zima mvua. Isahihishe hivi. Pikseli ambayo kilele chake kinapata joto kutoka picha moja hadi nyingine ipewe sifuri au mvua ndogo. Wingu linakufa hata kama bado ni baridi kwa macho. Mvua kamili iende kwa pikseli zilizo baridi kuliko jirani zake. Sirasi iondolewe kwa tofauti ya 10.8 na 12.0. Mwisho, zidisha kwa unyevu: chukua mvuke wa nguzo kwa inchi (gawanya milimita kwa 25.4), uzidishe kwa wastani wa unyevuhewa kutoka ardhini hadi hektopaskali 500 ukiandikwa kama sehemu ya moja. Jibu likiwa chini ya 1, hewa ya chini inakausha sehemu ya mvua kabla haijafika ardhini, kwa hiyo punguza.

Si lazima ujenge haya yote. Hydro-Estimator ya NOAA, bidhaa za NWC SAF za Ulaya na GSMaP_NOW ya JAXA (shirika la anga la Japani) zimefanya kazi hiyo. Lakini jua kilichomo ndani, kwa maana siku zikikosea zitakosea kwa njia hizihizi. Na usitumie IMERG kwa saa ijayo: toleo lake la haraka hufika kama saa 4 baadaye. Ni nzuri kwa kujua udongo umeshiba kiasi gani, basi.

Wingu litakaa muda gani juu ya bonde?

Mafuriko mengi ya ghafla huletwa na muda kuliko ukali. Wingu la milimita 50 kwa saa lenye kiini cha kilomita 30 likipita kwa kilomita 36 kwa saa, litanyesha mahali pamoja kwa dakika 50: kama milimita 42. Wingu lilelile likienda kilomita 10 kwa saa linanyesha saa 3: milimita 150. Kwa kipimajoto cha setilaiti mawingu hayo mawili yanafanana kabisa.

Pima kasi kwa picha nne. Kiini kikisogea kilomita 27 kutoka picha ya kwanza hadi ya nne, zilizotengana kwa dakika 15, huo ni mwendo wa dakika 45: kilomita 36 kwa saa. Pima kiini, yaani sehemu baridi na yenye vivimbe. Ukipima katikati ya fuawe zima utaupima upepo wa juu. Fuawe hupeperushwa mbali huku mvua ikibaki nyuma, kwenye ukingo unaotazama upepo unakotoka. Utautambua kwa joto linalobadilika ghafla ndani ya pikseli mbili tatu, wakati ukingo wa pili hufifia polepole. Penye mpaka huo mkali ndipo pa kuweka alama.

Mtego mbaya zaidi ni wingu linalojizaa kwa nyuma. Kila seli, yaani kila wingu moja la kundi hilo, inasonga mbele na kufa, nyingine inaibuka palepale ilipozaliwa ya kwanza. Ukitazama picha moja moja utaona mawingu yanaondoka. Ukitazama mlolongo wa saa mbili utaona ukingo mkali haujasogea hata kilomita 5. Hapo acha hesabu ya kasi kabisa, chukulia kwamba mvua itaendelea kwa ukali uleule kwa saa 1 hadi 2 zaidi, na utoe onyo.

Kwa kazi ya kompyuta, maktaba ya pysteps hukokotoa mwendo wa kila sehemu ya picha na kuisukuma mvua mbele. Inasukuma tu, haijui kuzaa wingu wala kuliua. Seli moja huishi nusu saa hadi saa moja, kwa hiyo matokeo yake yaamini mpaka hapo. Kundi kubwa lililojipanga laweza kufuatiliwa saa 2 au 3. Zaidi ya hapo modeli ya hali ya hewa ipewe uzito mkubwa.

Mahali na saa: makosa mawili ya kimyakimya

Setilaiti ikilitazama wingu kwa mshazari, kilele huonekana kimesogezwa mbali na sehemu iliyo chini ya setilaiti. Umbali huo ni kimo cha wingu mara tangenti ya pembe ya kutazamia, ikipimwa kutoka wima. Kilele cha kilomita 12 kwenye pembe ya nyuzi 45 kinahama kilomita 12. Kwenye nyuzi 60 kinahama karibu 21. Bonde la kilomita za mraba 24 lina upana wa kama kilomita 5, kwa hiyo bila kusahihisha unatoa onyo kwa watu wasiohusika na kuwanyima wanaohusika. Lisogeze wingu kuelekea sehemu iliyo chini ya setilaiti. Kimo kipate kwa kulinganisha joto la kilele na joto la hewa la modeli katika kila tabaka.

Saa nayo hudanganya. SEVIRI huanza kupiga picha kusini na kupanda kaskazini kwa kama dakika 12; faili lenye jina la 12:00 UTC lina ikweta iliyopigwa karibu 12:06. Tuseme faili limefika 12:20, hesabu zimekwisha 12:25, na uamuzi umefikiwa 12:35. Wingu la kilomita 36 kwa saa limeshasogea kilomita 17 tangu lipigwe picha. Sukuma ramani yako mbele kwa dakika hizo kabla ya kuitazama kama "sasa".

Pale infraredi isipoona kitu

Mvua nzito inaweza kutoka kwenye wingu fupi. Upepo wenye unyevu ukisukumwa mfululizo dhidi ya mlima, matone hukua bila wingu kufika juu, na kilele kinabaki na joto la nyuzi 10 chini ya sifuri au hata juu ya sifuri. Kanuni ya hapo juu itasema hakuna mvua. Dalili yake ni wingu lililosimama upande mmoja wa mlima picha baada ya picha huku mengine yakipita. Kwa miteremko ya namna hiyo weka kanuni ya pembeni: upepo wa modeli ukielekea mlimani kwa saa 6 na mvuke ukiwa juu ya kawaida, vipimamvua ndivyo viamue, setilaiti isipewe kura ya turufu.

Setilaiti zinazopima mawimbi ya maikrowevu husaidia kwingine. Chaneli za karibu gigahezi 89 huona barafu ndani ya wingu, kwa hiyo hutofautisha kiini cha mvua na fuawe tupu. Setilaiti kuu ya GPM, mradi wa kupima mvua duniani, iliyorushwa na NASA na JAXA tarehe 27 Februari 2014, ina hata rada. Tatizo ni kwamba setilaiti hizi zinapita. Juu ya eneo lako ni mara chache kwa siku. Zitumie kusahihisha: pita moja likionyesha kiini kiko kilomita 15 magharibi ya ulipoweka alama, sogeza alama zako zote za saa hiyo. Barafu ikikosekana, kama kwenye mvua fupi ya mlimani, nazo hupitwa juu ya nchi kavu.

Vipimamvua vinavyotuma data kila dakika 15, hata vikiwa vitatu, vina thamani kubwa. Jumlisha vipimo, gawanya kwa jumla ya setilaiti mahali hapohapo. Vipimo vya milimita 22, 31 na 40 dhidi ya jumla ya setilaiti ya 60 vinatoa 1.55, zidisha ramani yote kwa namba hiyo. Usiruhusu kigawo kiende chini ya 0.5 au juu ya 2. Kikivuka hapo, kwanza kagua kipimo: majani yaliyoziba mdomo wa kipimamvua ni sababu ya kawaida ya sifuri katikati ya dhoruba.

Kutoa onyo

Rudi kwenye bonde la dakika 76, na tuseme eneo lake ni kilomita za mraba 24. Kizingiti cha saa 1 kwa udongo ulioshiba, tuseme, ni milimita 30. Utabiri ni 42. Milimita 1 juu ya kilomita ya mraba 1 ni mita za ujazo 1,000, kwa hiyo 42 juu ya kilomita za mraba 24 ni zaidi ya milioni 1. Nusu ikitiririka ndani ya saa 3, na mtiririko ukipanda na kushuka kama pembetatu, kilele ni karibu mita za ujazo 93 kwa sekunde. Linganisha na uwezo wa daraja. Linganisha pia mvua na kizingiti cha muda unaokaribiana na t ya bonde. Kizingiti cha saa 6 hakina kazi kwenye bonde la dakika 76.

Tumia ngazi mbili. Angalizo litoke mvua inayotabiriwa ikifika asilimia 70 ya kizingiti. Onyo litoke ikikivuka na wingu likiwa bado linapoa au limesimama. Tangazo lenyewe lisizidi sentensi nne: mahali kwa majina ambayo wakazi hutumia, saa, kitakachotokea, cha kufanya. Kumbukumbu zako ziwe za UTC, lakini tangazo liandikwe kwa saa ambazo msikilizaji huzihesabu, pamoja na neno mchana au usiku. "Saa 9" peke yake inaweza kusomwa na watu wawili kwa tofauti ya saa 6. Taja pia kina: sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 huinua gari dogo, 60 hubeba magari mengi. Watu hugeuka kwa namba kama hizo kuliko kwa neno "hatari".

Kujipima

Kila onyo liandikwe kabla matokeo hayajajulikana, na kila furiko lililotokea liandikwe hata kama hukulionya. Mwisho wa msimu hesabu. Tuseme umepatia mara 18, umekosa 6, umeonya bure mara 12. Uliyoyawahi ni 18 kati ya 24, yaani 0.75. Maonyo ya bure ni 12 kati ya 30, yaani 0.40. Ukigawanya 18 kwa jumla ya yote 36 unapata 0.50, na namba hii ndiyo ya kufuatilia msimu hadi msimu, maana haidanganywi na kuonya kila siku.

Kisha tenganisha makosa kwa sababu: mahali, saa, ukali, au kizingiti. Makosa ya mahali yakielekea upande mmoja, usahihishaji wa mshazari haujafanya kazi. Ya saa yakichelewa kwa kiasi kilekile, umesahau kuisukuma ramani mbele. Mabonde yaleyale yakijaa bila onyo wakati mvua ilikadiriwa vizuri, shusha kizingiti chake. Bonde lililoungua moto au kufyekwa miti lishushiwe kizingiti siku hiyohiyo, bila kungoja msimu uishe.